Kumwaga Maji Machafu Kabla ya Kuuza

Swali nitaliweka mwanzoni kabisa, maana nimekaa nalo tangu mwezi wa tatu na limenichosha. Ukisafisha kitu chako ambacho unajua kina ugonjwa, halafu ukakiuza kikiwa safi, umekitunza au umemdanganya mtu?

Kitu chenyewe ni gari. Najua wengi wenu mnakuja hapa kusoma habari za riwaya na mashairi, lakini nivumilieni, fasihi tutaikuta njiani. Ni Toyota Corolla 110, injini ya 5A, bloku ya chuma na hedi ya aluminiamu. Nililinunua mkononi mwa mtu, hapa hapa Dar es Salaam, miaka 9 iliyopita. Siku ya kwenda kuliangalia nilifanya kile ambacho kila mtu alinifundisha: nilifungua mfuniko wa rejeta nikachungulia. Ndani kulikuwa na maji mekundu, mazuri, kama juisi ya rozela. Nikasema moyoni, huyu bwana ni mtunzaji. Nikalipa.

Wiki ya tatu nikaenda nalo Iringa. Anayeujua mlima Kitonga hahitaji kusimuliwa: malori yanapanda kwa kutambaa, nawe nyuma yao huna pa kupita, na injini inapiga kelele bila kupata upepo. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikazima kiyoyozi, nikafungua madirisha, nikasali kidogo. Nilifika Ilula boneti likitoa mvuke kama sufuria ya makande. Fundi wa pale alisubiri injini ipoe, akafungua mfuniko, akatia kidole. Kikatoka na tope la rangi ya chai. Wiki 3 tu zilikuwa zimetosha kuibua kutu yote iliyokuwa imelala kwenye bloku. Gasketi ya hedi ilikuwa imeungua. Akanitazama kwa huruma ya watu wa kazi akasema, "Kaka, hili liliogeshwa, likauzwa."

Liliogeshwa, likauzwa. Sikuwahi kuisahau sentensi ile. Na sikuwahi kudhani kwamba siku moja itanihusu kwa upande wa pili.

Kabla sijaendelea, maneno machache kuhusu yale maji, maana wapo wanaouliza kulanti ni ya nini katika nchi ambayo maji hayagandi. Barafu ni nusu tu ya kazi yake. Maji matupu yanachemka kwa nyuzi 100 hapa pwani, na huko juu Iringa yanachemka mapema zaidi kwa sababu mgandamizo wa hewa umepungua. Ukichanganya nusu kwa nusu na kulanti, kiwango kinapanda hadi nyuzi 107 hivi, na mfuniko wa rejeta ukiwa mzima unakipandisha tena kwa kubana presha. Halafu kuna dawa za kuzuia kutu, ambazo ndizo zinazokwisha nguvu baada ya miaka michache hata kama maji hayajapungua. Sasa chukua gari la zamani, lijaze maji ya kisima cha Dar es Salaam, vile visima vyetu vya chumvi, uone aluminiamu inavyoliwa.

Basi. Niliitengeneza gasketi, hedi ikasawazishwa, na gari likanitumikia. Mwaka jana likaanza kupunguza maji. Kila wiki chupa ndogo moja, ile ya nusu lita. Chini halivuji. Ukiliwasha asubuhi likiwa baridi na mfuniko ukiwa wazi, unaona mapovu madogo yanapanda moja moja, hayaishi. Fundi wangu akasema gasketi inaanza tena. Kufungua hedi ni pesa, na pesa iliyokuwepo ilikuwa ya ada ya kijana wangu wa kidato cha tano. Nikawa naongeza maji ya bomba, na maji yakawa ya kahawia. Mwishowe nikaamua kuuza. Nilikuwa nataka milioni 7.

Fundi akanishauri bila hata kuinua kichwa kutoka kwenye kazi yake. "Mzee wangu, tuliflashi, tuweke kulanti mpya. Mteja akifungua akute mekundu. Huo si uongo, hiyo ni sevisi."

Na hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu fundi alikuwa na haki. Ni sevisi kweli. Kitabu cha gari chenyewe kinakuagiza kubadilisha maji hayo. Angeniambia nibandike rangi juu ya kutu, au nirudishe nyuma kilomita, ningekataa papo hapo nikajiona mtu mwema. Lakini ananiambia nifanye jambo ambalo nilipaswa kulifanya miaka 2 iliyopita. Kosa liko wapi? Nikakubali. Sitaki kujifanya hapa kwamba nilisita sana.

Tulifanya kazi hiyo nyumbani kwangu, Jumamosi asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha. Hilo la kwanza: mfuniko haufunguliwi injini ikiwa ya moto, nimeona mtu uso wake umebabuka. Fundi akafungua koki ya chini ya rejeta, kisha nati ya kwenye bloku, maana ukimwaga rejeta peke yake nusu ya uchafu unabaki ndani ya injini. Yakatoka maji ya rangi ya kahawia kwenye beseni. Tukafunga, tukajaza maji safi, tukaweka hita kwenye moto wa mwisho ili na kimashine chake nacho kioshwe, tukawasha mpaka thamostati ikafunguka na mpira wa juu ukapata joto. Tukazima, tukasubiri, tukamwaga. Mara ya pili yalitoka kama chai ya rangi, mara ya tatu kama maji ya mchele, mara ya nne safi. Mara ya mwisho tukatumia maji ya kutoneshwa, kisha kulanti nyekundu na maji hayo hayo, nusu kwa nusu. Jumla lita 5 na kidogo. Fundi akawa anaminya mpira wa juu ili hewa itoke.

(Niliye naye ni fundi mzuri. Wapo mafundi wanaotibu gari linalochemka kwa kung'oa thamostati na kuunga feni dairekti, ili mshale ukae chini daima kama mtoto mwenye adabu. Mgonjwa hajapona, kazibwa mdomo tu. Wangu hafanyi hivyo.)

Kisha akachukua beseni la kwanza, lile la kahawia, akaelekea nalo kwenye mtaro. Mtaro wetu unapita mbele ya nyumba 4, na mbuzi wa jirani wanashinda pale. Nikapiga kelele, "Usimwage hapo!" Akasimama ananishangaa. Nikamweleza kwamba kulanti ni sumu na ubaya wake ni kwamba ni tamu. Mbuzi ataionja na kurudia, mbwa pia, na mtoto pia. Inaua figo. Mwaka 2022 kule Gambia watoto wapatao 70 walikufa baada ya kunywa dawa ya kikohozi iliyochafuliwa na kemikali hizo, ikiwemo hii hii ya kwenye rejeta. Fundi akatikisa kichwa, akaniletea dumu la lita 10, tukamimina humo.

Alipokuwa anafunga kizibo akacheka, akasema, "Mzee ana huruma na mbuzi."

Hakuongeza neno. Mimi ndiye niliyeongeza, usiku, kitandani: na mteja je?

Swali hili ni la zamani kuliko magari. Cicero, yule Mroma, alilijadili katika kitabu chake cha mwisho cha maadili, mwaka 44 kabla ya Kristo. Analeta mtu anayeuza nyumba yenye kasoro ambazo yeye peke yake anazijua, na kuwashindanisha wanafalsafa wawili wa Kistoa. Diogenes wa Babeli anaona kwamba muuzaji asiseme uongo, lakini halazimiki kutangaza kila kitu. Kunyamaza na kuficha si jambo moja. Antipater, mwanafunzi wake, anaona kwamba kumwacha mtu aingie hasarani kwa kutojua ni kama kumwona kapotea njia na ukanyamaza. Cicero mwenyewe anaegemea upande wa mwanafunzi. Na mtu wa pwani hahitaji kwenda mpaka Roma. Wengi tulisimuliwa madrasani kisa cha Mtume kutia mkono ndani ya lundo la nafaka sokoni, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione.

Angalieni, muuzaji yule hakuilowesha nafaka. Mvua ndiyo iliyoilowesha. Kosa lake lilikuwa ni mpangilio tu: kavu juu, mbichi chini. Nilipokifikiria kisa hicho nikamkumbuka fundi wa Ilula na kidole chake chenye tope.

Wapo watakaosema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," kwa hiyo mnunuzi naye afungue macho, aje na fundi wake. Niliijaribu hoja hiyo kwa siku mbili nzima, nikaitaka sana iwe kweli. Lakini fundi wa mnunuzi angeona nini? Kitu ambacho kingemwambia ukweli ni yale maji ya kahawia, na mimi nilikuwa nimeyatoa. Maji ya rejeta ni kumbukumbu ya injini: lini yalibadilishwa, nini kiliongezwa, wapi panakula kutu. Nikisafisha gari langu nikaendelea kuliendesha, kumbukumbu haipotei, imehamia kichwani mwangu. Nikiliuza bila kusema, gari linaondoka na mimi nabaki na kumbukumbu yake, kama mtu aliyeuza kitabu baada ya kuchana kurasa za mwisho. Kuosha kuko vile vile mara zote mbili. Nadhani tofauti iko katika nani anabaki akijua.

Nasema nadhani. Maana mipaka siioni vizuri. Je, nimwambie mteja pia kwamba dirisha la nyuma linakwama mvua ikinyesha? Kwamba niliwahi kugongwa kidogo pale Mwenge? Ukienda hivyo hakuna kitakachouzika duniani, hata nafsi zetu hatuwaonyeshi wachumba kwa kiwango hicho.

Mteja alikuja Jumatano. Mwalimu, binti wa miaka kama 28 hivi, kutoka Kibaha, amefuatana na mdogo wake wa kiume. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, karibuni." Alikuwa amejiwekea pesa kidogo kidogo miaka 4, na gari alilitaka la kwendea kazini na kuwafuata wazazi Morogoro mwisho wa mwezi. Akafungua mfuniko, akachungulia. Nikaona uso wake ukifurahi na nikaujua uso ule, ulikuwa wangu wa miaka 9 iliyopita.

"Maji safi! Mzee umelitunza."

Nikasema, "Linapunguza maji kidogo."

Akacheka. "Magari ya zamani yote si yanapunguza, mzee?"

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikuwa nimelisoma popote. Nilikuwa nimesema kweli, na kweli yangu ilifanya kazi ya uongo. Alinisikia kama mzee mnyenyekevu, na bei ikazidi kunyooka. Mbele ya maji mekundu, maneno yangu hayakuwa na uzito. Ningeweza kuishia hapo na kujiambia kwamba nilimwambia.

Nikaenda nyuma ya tenki la maji nikaleta lile dumu. Nikammiminia kidogo kwenye kifuniko cha ndoo. Nikamwambia haya ndiyo yaliyotoka Jumamosi, usionje, na asubuhi njoo uliwashe likiwa baridi uone mapovu. Mdogo wake akapiga simu kwa fundi wao. Binti akanyamaza, kisha akaniaga kwa heshima kubwa, na nikajua ameondoka.

Alirudi Ijumaa asubuhi na fundi wake. Akaona mapovu, wakasimama pembeni wakanong'ona muda mrefu. Akatoa milioni 5 na laki 2. Nikachukua. Fundi wangu alipopata habari hakunisemesha wiki nzima. Alikuwa ameahidiwa chochote juu ya milioni 7. Ada ya muhula haikutimia, kijana akarudishwa nyumbani siku 2 mpaka nilipokwenda kumwomba mkuu wa shule muda.

Mama watoto alinisikiliza nikimsimulia yote, Cicero na lundo la nafaka, akaendelea kuchambua mchele. Halafu akauliza, "Na wewe ulipouziwa, nani alikuletea dumu?"

Hakuna. Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo nikimwona kijana amekaa barazani na madaftari yake nalikumbuka swali hilo kabla sijakumbuka lile la kwangu.

Dumu bado lipo nyuma ya tenki. Nimefunga kizibo kwa mpira wa baiskeli, nimeandika SUMU kwa rangi nyekundu pande zote mbili. Nimeuliza gereji 3 kama wanapokea kulanti chafu. Oili chafu wanachukua, ina wanunuzi. Hii wameniambia nimwage mtaroni.