Maji ya Yeriko na Bwawa Langu

Somo: 2 Wafalme 2:19–22



Padre aliponiomba niandike mafundisho ya Kwaresima katika jarida letu la mtaa, nilimwambia kwamba ninalo neno moja tu, nalo si zuri kwangu mimi mwenyewe. Akasema, "Basi, Mwalimu, liandike hilo hilo." Nami naliandika.

Somo mnalijua. Watu wa Yeriko walimwendea nabii Elisha wakamweleza kwamba mji wao umekaa mahali pazuri, ila maji yake ni mabaya na nchi haizai. Elisha akaagiza chombo kipya chenye chumvi. Hapa naomba tuitazame miguu ya nabii kuliko mikono yake. Alikwenda wapi? Hakuzunguka nyumba kwa nyumba akitia chumvi katika mitungi. Alitoka mjini akaenda mpaka maji yanapotokea, kwenye chemchemi yenyewe, akaitupa chumvi huko. Somo hili nimelifundisha watoto wa Kipaimara mara nyingi, lakini sikulielewa mpaka nilipochimba bwawa.

Nilipostaafu kufundisha katika chuo cha ualimu nilirudi hapa Maramba, nikachimba bwawa la samaki nyuma ya nyumba, hatua kumi na tano kwa kumi, nikalijaza kwa mfereji utokao kijitoni, nikapandikiza vifaranga vya perege. Miezi ya kwanza maji yalikuwa mazuri. Lakini mimi ni mtu wa haraka, na wanafunzi wangu wa zamani watashuhudia. Nikaona samaki hawakui upesi, nikatia samadi ya kuku. Juma la pili nikaongeza, na pumba za mahindi asubuhi na jioni, nyingi kuliko walivyoweza kula. Maji yakawa kijani, kwanza kama mchaichai uliochemshwa, kisha mazito kama mchuzi wa kisamvu, na juu yake ukaja utando. Kila jioni niliutoa utando ule kwa kipande cha chandarua. Kila asubuhi niliukuta umerudi.

Alfajiri moja ya masika, baada ya siku tatu za mawingu mazito, nilikuta perege wangu wanaelea, matumbo juu.

Sasa ndugu, sikilizeni nilivyofanya. Juu ya mfereji ule yuko jirani yangu mwenye shamba la nyanya. Siku iliyotangulia nilikuwa nimemwona akiosha bomba lake la kupulizia dawa. Tena tulikuwa tumekwisha kupishana maneno kwa ajili ya mbuzi wangu. Sikwenda kumwuliza. Nilikwenda barazani dukani nikasema, "Kanitilia sumu." Nikalisema katika jumuiya, nikalisema na nje ya kanisa watu wakitoka Misa. Mtu aitwaye Mwalimu neno lake huaminiwa upesi, na hiyo ndiyo hatari yake. Haikupita hata miezi miwili, watu wakaogopa kununua nyanya zake, na yeye akaacha kuja Misa. Mimi niliendelea kwenda altareni kila Jumapili.

Kisha akaja bwana samaki wa wilaya. Yeye hakuuliza habari za jirani. Aliuliza, "Mwalimu, waliokufa ni wakubwa au wadogo?" Wakubwa. "Walikufa saa ngapi?" Alfajiri. "Vyura na wadudu wa majini je?" Nikatazama: viluwiluwi walikuwa wakichezacheza kando, na wadudu wakitembea juu ya maji kama kawaida. "Na siku za kabla ya hapo, samaki walikuwa wakija juu asubuhi, wakifungua vinywa?" Nikamwambia ndiyo, nilidhani wanafurahi kuniona.

Akaniambia niingize mkono majini wima, nikiutazama kiganja. Katika bwawa la perege, kiganja kikianza kufifia maji yakifika kiwiko, ukijani ni wa kiasi, nao ni chakula cha samaki. Kikipotea mapema, umezidi, acha samadi. Cha kwangu kilipotea kabla maji hayajapita kifundo cha mkono.

Aliyoyaeleza baada ya hapo niliyafundisha ubaoni kwa miaka zaidi ya thelathini. Ukijani ule ni mimea midogo isiyohesabika, nayo hulishwa na samadi na mabaki ya chakula. Mchana, jua likiwaka, hutoa hewa ya oksijeni majini. Usiku huivuta, kama vile samaki wanavyoivuta. Mimea ikizidi, na mawingu yakiuzuia mwanga siku mbili tatu, alfajiri hewa inakuwa imekwisha, na samaki mkubwa hufa kwanza kwa kuwa mahitaji yake ni makubwa. Nilikuwa nayajua yote. Lakini nilipopata mtu wa kulaumu, sikuhitaji elimu tena.

Nilimwuliza kama nitie mrututu, maana nimesikia unaua ukijani. Akasema unaua, na ukizidi unaua samaki pia. Tena mimea yote ikifa kwa pamoja huoza, na kule kuoza kunakula hewa iliyobaki. Dawa ilikuwa nyepesi na ya polepole: kuacha samadi kabisa, kupunguza chakula hadi kile wanachomaliza kwa robo saa, kutoa theluthi ya maji kutoka chini kwenye tope, na kuingiza mapya. Na wenye bwawa au lambo la kunyweshea wanyama, wao samadi waiweke mbali kabisa, ng'ombe wasiingie ndani bali wanyweshwe kwenye hori. Utando wenye rangi kama ya rangi ya mlango iliyomwagika, kijani chenye ubuluu, mara nyingine una sumu iuayo mifugo, na kuyachemsha maji hakuiondoi sumu hiyo. Akina mama naomba mlishike hilo.

Yaliyonipata mimi katika bwawa la hatua kumi na tano yamepata na maji makubwa. Gugu maji lilionekana katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika sehemu kubwa ya ghuba ya Kisumu, mitumbwi ikashindwa kutoka. Watu walilikokota kwa mikono na kwa mashine, wadudu wa kulila wakaachiliwa, likapungua sana. Kisha likarudi, maana uchafu wa miji na mbolea ya mashamba, ambavyo ndivyo chakula chake, viliendelea kuingia ziwani. Ni chandarua changu kile kile cha jioni.

Na hapa kwetu, mji wa Tanga hupata maji yake katika bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978, na bwawa hilo hujazwa na mto Zigi utokao milima ya Amani. Anayefungua bomba Chumbageni anayategemea matendo ya mkulima asiyemjua huko juu. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza kulima ndani ya mita sitini za ukingo wa mto, na wako wakulima wa huko juu waliojiunga katika umoja uitwao UWAMAKIZI ili wauhifadhi mto huo. Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, aliwakemea kondoo wanono waliokunywa maji safi wakayavuruga yaliyobaki kwa miguu yao, wenzao wakanywe matope. Nilipoisoma sura ile baada ya bwana samaki kuondoka, sikuwaza Mabayani wala Kisumu. Niliwaza baraza la duka.

Maana neno langu nalo lilikuwa na mfereji wake. Nililitia juu, likateremka mpaka sokoni.

Nikaenda kwa jirani yangu. Alinikaribisha, akanipa kiti jikoni, maana mvua ilikuwa ikinyesha. Nikamwambia nimekosa. Akanyamaza kitambo akichochea moto. Kisha akasema, "Mwalimu, ulinisema dukani, ukanisema kanisani. Sasa radhi unaniomba jikoni?"

Sikuwa na jibu. Bwana wetu katika Mathayo sura ya 5 anatuagiza kuiacha sadaka mbele ya madhabahu, twende kwanza kupatana na ndugu. Mimi nilidhani kwenda ni kufika mlangoni kwake tu. Lakini Elisha hakutia chumvi mtungini.

Basi nimekwenda dukani, nikasimama pale pale barazani nikasema kwamba nilisema uongo. Nimesema katika jumuiya. Padre amenipa nafasi baada ya matangazo, nikasema mbele ya Wakristo wote. Na hapa pamebaki pa mwisho, kwa kuwa jarida hili hufika vijijini ambako neno langu lilifika nami siwezi kufika kwa miguu. Jina lake siliandiki; mnalijua, na aliyelichafua ni mimi. Jirani yangu hakunitilia sumu. Samaki wangu niliwaua mwenyewe kwa samadi na kwa haraka yangu. Nyanya zake ni nzuri, nami ninazila.

Hajarudi Misa bado. Juzi asubuhi nilimwona kwa dirisha akipita mferejini. Alisimama kando ya bwawa, akakunja mkono wa shati, akainama akauingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautazama. Kisha akaukung'uta, akaenda shambani kwake.