Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 14: Kumwachia Mungu, au kumwacha mgonjwa?



Swali hili tunaulizana sana misibani, kwa sauti ya chini. Mgonjwa yuko KCMC kwenye mashine ya kupumulia, daktari anaiita familia, anasema ubongo umeshakufa. Mkikubali mashine itolewe, mmemuua?

Wanazuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi walikaa Amman, Jordan, mwaka 1986 wakajibu: madaktari bingwa wakithibitisha kuwa ubongo umekufa kabisa na hautarudi, inaruhusiwa kuitoa, hata kama moyo bado unaendeshwa na mashine. Ama sindano ya kumfisha mtu, hata akiiomba mwenyewe, hiyo ni kuua. Hapo hakuna ubishi.

Lakini wengi wetu hatufiki kwenye mashine. Huku Old Moshi mambo yanaamuliwa sebuleni. Mzee karudishwa nyumbani, mtu anasema, "Jamani, tumwachie Mungu." Haya, kwa sababu gani? Kama madaktari wamesema tiba haisaidii tena, na mzee mwenyewe kachoka, hakuna dhambi. Yule mwanamke mwenye kifafa aliyemjia Mtume (s.a.w.) alipewa hiari: aombewe apone, au asubiri apate Pepo. Akachagua kusubiri, na hakulaumiwa.

Ila kama dawa ipo, inamfaa, uwezo upo, na sisi tunapiga hesabu kihamba kitabaki kwa nani, tusijifariji kwamba hatujamgusa mtu. Hata Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu inahesabu kuacha kutenda, kwa mwenye wajibu, kuwa njia ya kusababisha kifo. Sisemi kila mtu auze kihamba, watoto nao watakula nini? Asiye na uwezo hajaua. Lakini sisi majirani tunaojua kwamba dawa imekatika kwa kukosa pesa, halafu tunafuturu tukalala, tuna swali la kujibu.

Na aliyerudishwa nyumbani bado ana haki zake: maji, kugeuzwa, kuogeshwa, kukaa naye. Morfini ya kunywa kwa kipimo cha daktari ni ya kuondoa maumivu, msimnyime mkidhani mnamuua. Wala msimlazimishe kufunga.

Mwenye mgonjwa aliyekwama dawa kwa sababu ya fedha, anione leo baada ya tarawehe, mimi au mweka hazina. Asingoje Idi.