Kuku Weusi na Mita 60

Wabena wana msitu wao mtakatifu mkoani Njombe, Nyumbanitu. Wazee husimulia kwamba humo wanaishi kuku weusi wasiofugwa na mtu, na ole wake atakayewakamata. Huingii bila kuongozwa na wazee, wala hukati mti. Msomi wa leo hucheka: kuku gani hao wasioliwa na kicheche? Acheke tu, ila msitu upo.

Sasa sikia kisa cha kutunga, ingawa atakayekisoma kati ya Njombe na Makambako atadhani namsema jirani yake.

Ukoo mmoja ulikuwa na kijisitu kwenye chanzo cha kijito. Watoto walikatazwa kukikaribia kwa sababu joka lililinda maji. Kijana wa ukoo huo akatoka kibaruani Makambako, alikoona malori yakishusha magogo ya milingoti kwenye viwanda vya nguzo za umeme. Akapiga hesabu, akarudi na msumeno.

“Kamwene, baba mkubwa. Hilo joka linatulipa nini?”

“Joka hata mimi sijaliona, mwanangu. Maji nayaona.”

Kijana alisikia nusu ya kwanza tu. Kijisitu kikaanguka, milingoti ikapandwa hadi ukingoni. Majirani hawakushtuka. Miti ya kigeni si ajabu Njombe, ambako mashamba makubwa ya miwati yalianzishwa tangu 1949. Tena walimsifu, na wawili wakamuiga.

Milingoti ilikua upesi, na ilikunywa upesi vilevile. Kwanza kijito kilikatika mwezi wa Oktoba pekee. Baadaye kikakauka tangu Agosti, na vinyungu vya bondeni, vilivyowapa kina mama mahindi mabichi na kabichi wakati wa kiangazi, vikageuka vumbi. Wakaanza kubeba ndoo kutoka bonde la pili.

Ndipo ofisa akaja na Sheria ya Mazingira ya 2004, inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kijana akakata miti kabla haijafikia unene wa nguzo, akaiuza kuni. Mvua zilipoanza, kila kisiki kikachipua.

Nami simwachi baba mkubwa aende bila lawama. Alijua siku zote kwamba kilicholindwa ni maji, lakini aliwafundisha watoto joka. Walipopelekwa shule wakaacha kuliogopa, na hakuna aliyewaeleza kilichobaki. Akasema ukweli siku msumeno ulipokuwa umekwisha kutiwa mafuta.

Wewe mwenye milingoti bondeni, usimngoje ofisa. Kukata hakutoshi: chimba visiki vyote uving'oe kabla ya mvua za Novemba, kisha pale kwenye chanzo rudisha miti ya asili. Na mwanao akiuliza kwa nini, mwambie habari ya maji.