Mume na Mke katika Nchi ya Mawe
(Hesabu 20:1–13)



Neno tulitafakarilo mwezi huu ni habari ya nchi ya mawe, nasi twajua ya kuwa kumweleza mtu wa Rufiji nchi ya mawe si kazi nyepesi. Midomo ya mto huu imefanywa kwa udongo. Maji yameuchukua kutoka bara miaka elfu na elfu, yakaulaza hapa, na juu yake ukaota msitu wa mikoko wa hektari zipatazo 50,000, mkubwa kuliko msitu wo wote wa mikoko katika Tanzania. Mtu aweza kusafiri kwa mtumbwi mchana kutwa asione jiwe moja la kumtosha figa. Wakati wa mpunga mume na mke hukaa juu ya dungu, wakiwafukuza ndege na nguruwe na nyani, na maji yamewazunguka pande zote. Lakini bamvua ikipanda maji yale ni chumvi, na maji ya kunywa hufuatwa mbali. Basi kiu twaijua sana. Mwamba ndio tusioujua.

Wana wa Israeli waliujua. Walipofika Kadeshi, katika jangwa la Sini, walikuta nchi isiyo na mtini wala mzabibu, nao wakamlalamikia Musa kwa ajili ya maji. Waalimu wengi wakiihubiri sura hii huanza hapo penye malalamiko, wakaenda mbio hata penye fimbo na mwamba. Sisi twawaomba wasimame kwanza penye aya ya kwanza. Pale twaambiwa kwamba Miriamu alikufa Kadeshi, akazikwa. Basi, hayo tu. Yeye aliyemlinda ndugu yake mtoni alipokuwa mtoto mchanga, aliyeshika tari na kuwaongoza wanawake walipokwisha kuvuka Bahari ya Shamu, nabii wa watu wake, apewa aya moja, wala si nzima. Aya ya pili yasema habari ya maji. Tena mwisho wa sura iyo hiyo Haruni naye anakufa. Yeye apewa aya nane, na maombolezo ya siku thelathini. Soma mwenyewe, uhesabu.

Waalimu wa Kiyahudi wa kale waliliona jambo hili. Walifundisha kwamba kisima kiliwafuata Waisraeli jangwani kwa ajili ya Miriamu, na alipokufa kikakauka; ndiyo sababu habari ya kiu yafuata mara baada ya habari ya kaburi. Hatulazimiki kuyasadiki mafundisho yale, lakini macho yao yalikuwa makali kuliko yetu. Na sisi twaona jambo jingine. Musa aliambiwa aseme na mwamba, naye akaupiga mara mbili kwa hasira. Musa huyo alikuwa ametoka kumzika dada yake, wala hatusomi kwamba mtu hata mmoja alikaa naye matangani. Hatumwachilii kosa lake, maana Mungu mwenyewe hakumwachilia. Ila twasema kwamba mkono ule ulikuwa mkono wa mfiwa.

Twawaletea sasa habari ya mume na mke waliopita katika nchi ya namna hiyo, nao si wa nyakati za Biblia, bali ni wazee wetu katika Injili ya pwani hii. Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika nchi ya Württemberg, Ujerumani, akasoma Basel, akatumwa Uhabeshi na chama cha misioni cha Waingereza, CMS. Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich huko Alexandria. Mwaka uliofuata waliondoka pwani ya Massawa kupanda kwenda Tigre, wakipita jangwa la Washoho, ambalo ni tambarare ya joto kali, kisha mabonde makavu ya mawe, kisha magenge ya milima. Rosine alikuwa mja mzito. Katika jangwa lile uchungu ulimpata kabla ya wakati, akazaa mtoto wa kike, nao wakampa jina Eneba, maana yake kwa Kihabeshi ni Chozi. Mtoto hakuishi. Wakamzika katika nchi ile, na mama, bila kupata nafasi ya kupona sawasawa, akapanda tena kuifuata safari.

Huko Tigre nako hawakuruhusiwa kukaa. Wakarudi pwani, wakashuka kwa chombo, wakafika Unguja Januari 1844, na mwezi wa Mei wakakaa Mombasa. Mwezi wa Juni Krapf alianza kukifasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi wa Julai homa iliwashika wote wawili, na Rosine akazaa mtoto mwingine wa kike. Tarehe 13 Julai Rosine akafa, na mtoto akamfuata kwa siku chache. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, maana yeye mwenyewe alitaka alale mahali ambapo wapita njia wa nchi wataliona kaburi lake na kukumbuka sababu iliyomleta.

Krapf aliwaandikia wakubwa wake Ulaya kwamba kaburi lile la upweke ni alama ya vita vilivyokwisha kuanza katika Afrika ya Mashariki. Wahubiri wengi wameyapenda maneno yale. Sisi pia twayaheshimu, kwa kuwa yaliandikwa na mtu mwenye homa na msiba. Lakini twaona hatari ndani yake, si kwake, bali kwetu tunaoyarudia tukiwa wazima. Upesi sana mke hugeuka kuwa alama ya kazi ya mumewe. Krapf tunazo sarufi yake ya mwaka 1850 na kamusi yake iliyopigwa chapa mwaka 1882. Mwaka 1850 alishuka pwani hii na mwenziwe Erhardt hata Rasi Delgado, na safari ile imo vitabuni. Rosine anayo aya moja, kama Miriamu.

Na je, habari hii yatuhusu nini sisi wa Kibiti? Njia yetu siku hizi si ya jangwa. Zamani gari likakwama katika mchanga na matope, na penye Rufiji watu wakangoja pantoni Ndundu. Tangu mwaka 2003 tunalo Daraja la Mkapa, karibu kilometa moja kwa urefu, na basi litokalo Dar es Salaam asubuhi lafika Kibiti kabla ya adhuhuri. Lakini ugumu haukuondoka pamoja na matope. Mwaka 2017 jina la Kibiti lilijaa nchi nzima kwa sababu ya mauaji ya askari na viongozi wa vijiji, hata watu wakaogopa kutoka nyumbani usiku. Aprili 2024 mafuriko yakafunika mashamba na nyumba katika Rufiji na Kibiti. Mwalimu aitwaye kwenda huko aenda na mkewe. Mke ameacha shamba lake, au duka lake dogo, na mama yake mzee. Aja mahali ambapo Wakristo ni wachache, hana jirani wa kuimba naye, hajui atajifungulia wapi. Na barua ya uhamisho ina jina moja tu.

Mtume Paulo, katika Wakorintho wa Kwanza, mlango wa 10, afundisha kwamba mwamba ule uliowanywesha baba zetu uliwafuata, na ya kuwa ni Kristo. Angalieni neno la kufuata. Maji yalitoka Kadeshi ingawa watu walikuwa wanung'unikaji na kiongozi wao alikuwa ameghadhibika. Mungu hakungoja wawe wema ndipo awanyweshe, wala hakungoja Musa amalize huzuni yake. Hii ndiyo neema, nasi hatuna Injili nyingine. Basi Mwamba huyu hahitaji nchi ya mawe. Alikuwako penye kaburi la Eneba, ambalo hakuna ajuaye lilipo, naye yuko juu ya dungu katikati ya maji ya chumvi. Hatusemi kwamba kwa ajili hiyo mauti ya mtoto yule yalikuwa mema. Hatukuambiwa hivyo, na mwalimu asimwambie hivyo mama aliyefiwa.

Lakini aliye na Kristo aweza kuliita chozi kwa jina lake, kama walivyofanya wazazi wale. Hawakumwita mtoto Ushindi.

Kwa hiyo twawaomba wazee wa sharika zote zipelekazo waalimu upande wa Rufiji. Jumapili ya kuwaaga, jina la mke lisomwe mbele ya madhabahu pamoja na la mumewe, na waombewe wote wawili kwa majina. Tena kabla ya Jumapili hiyo, kabla barua haijajibiwa, watu wawili waende nyumbani kwake, mmoja awe mama wa usharika, wamwulize yeye mwenyewe, mumewe asipokuwapo: Mama, waionaje safari hii? Akisema anaogopa, wasimjibu upesi kwa habari ya Sara aliyemfuata Ibrahimu, maana Sara naye alicheka mlangoni pa hema, na Bwana akasema naye. Wakae chini, wamsikilize hata amalize.