Bahari Chumbani na Deni Lake

Swali tutakalolitafakari juma hili laweza kuonekana kuwa la watu wenye nafasi tu. Katika nyumba nyingi za Marekani, Ujerumani, Uingereza na Japani mna sanduku la kioo lililojaa maji ya chumvi, na ndani yake mwamba wa matumbawe ulio hai, na samaki wa rangi mbalimbali, na konokono, na kamba wadogo, na wale wanyama wafananao na maua waitwao anemoni. Mwenye nyumba akirudi kazini jioni huketi mbele yake akautazama kama sisi tuutazamavyo moto. Je, ana haki ya kuwaweka viumbe hao chumbani mwake? Na siku atakapohamia mji mwingine, atawiwa nini nao? Twawasihi wasomaji wasiigeuze karatasi upesi kwa kudhani kwamba jambo hili haliwahusu. Baadhi ya samaki hao hutoka katika bahari yetu wenyewe, kwani wavuvi wa pwani ya Kenya wamekuwa wakiwazamia na kuwauza ng'ambo kwa miaka mingi. Tena, deni la mtu kwa kiumbe aliyemfanya amtegemee limo katika kila nyumba yenye mbwa, au ng'ombe, au kasuku.

Yafaa kwanza tuijue kazi yenyewe, maana hatuwezi kupima wajibu wa mtu bila kujua ametwaa mzigo gani. Adhaniye kwamba ni kumimina maji na kutia samaki amekosea sana. Maji ya bahari yana kiasi cha gramu 35 za chumvi katika kila kilo. Basi mtu akaaye mbali na pwani hununua chumvi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, akaichanganya na maji yaliyochujwa mpaka yakawa hayana kitu. Joto sharti lishikwe karibu na digrii 25 au 26, mchana na usiku, kiangazi na kipupwe. Sharti ziwepo pampu za kuyasukasuka maji, kwa kuwa matumbawe hayawezi kukifuata chakula na hungoja kuletewa na mkondo. Sharti ziwepo taa kali, kwa sababu katika mwili wa matumbawe mengi mnakaa viumbe wadogo mno wa jamii ya mwani, ambao hutengeneza chakula kwa nuru na kumgawia mwenyeji wao. Naye mwenyeji, kwa kuwa hujijengea nyumba ya mawe, huinyonya chokaa iliyomo majini siku zote. Isiporudishwa, ujenzi husimama.

Lakini sehemu kubwa ya kazi haionekani kwa macho. Taka za samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Kuna vijidudu viigeuzavyo amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na vingine viigeuzavyo nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Vijidudu hivyo hukaa juu ya mawe na katika mchanga, na mara nyingi huchukua majuma manne hadi sita kuenea katika sanduku jipya. Kwa muda huo mwenye sanduku huwa na maji tu na mawe, hana cha kuwaonyesha wageni wake. Asiyeweza kungoja huua.

Desturi hii si ya jana. Mwaka 1846 bibi mmoja Mwingereza, Anna Thynne, aliyekuwa mke wa padre wa Kianglikana, aliokota matumbawe huko Torquay, kusini mwa Uingereza, akayachukua mpaka nyumbani kwake London katika mtungi wa maji ya bahari. Pampu za umeme hazikuwapo. Ili maji yasikose hewa, mtumishi wake wa kike aliyamimina kutoka chombo hiki kwenda chombo kile mbele ya dirisha lililo wazi, kila siku, muda mrefu. Vitabu humsifu bibi. Lakini tukisema kweli, waliowaokoa viumbe wale ni mikono ya mtumishi. Miaka mingi baadaye, mwaka 1961, Lee Chin Eng wa Jakarta aliandika jinsi alivyoweza kuutunza mwamba hai nyumbani kwa mawe yaliyotoka baharini pamoja na viumbe vyake vyote. Yeye alikaa karibu na bahari na alikuwa na jua la kutosha, na hilo lilikuwa nusu ya siri yake.

Sasa tulitazame swali. Yuko mtu atakayesema: Ninavipenda viumbe hivi, nami navitunza vizuri, kosa langu ni nini? Hoja hii ya upendo yaonekana kuwa na nguvu, lakini historia ya mambo haya yatuonya tusiiamini upesi. Mwaka 1854 mtaalamu Philip Henry Gosse alitoa kitabu kilichowafundisha Waingereza kuitunza bahari katika vyombo vya kioo. Watu walikipokea kwa furaha kubwa. Wakashuka pwani na vikapu na nyundo, mabwana na mabibi na watoto, na kila mmoja akachukua kidogo chake. Mwanawe Gosse, Edmund, alipoandika habari za utoto wake mwaka 1907, alisikitika kwamba vidimbwi vile vya mawe alivyovijua alipokuwa mdogo vilikuwa vimekombwa vikaharibika, na kwamba baba yake, bila kutaka, ndiye aliyewaonyesha watu njia. Watu wale hawakuichukia bahari. Waliipenda, kila mmoja nyumbani kwake, na jumla ya mapenzi yao ikawa maangamizi.

Mambo ya namna hiyo yametokea tena karibu na siku zetu. Katika Ufilipino, tangu miaka ya 1960, wavuvi walinyunyiza sianidi kati ya mawe ili samaki walewe, washikwe wazima. Samaki wengi wakafa baadaye njiani, na matumbawe yaliyonyunyiziwa yakafa palepale. Katika visiwa vya Banggai, Indonesia, yuko samaki mdogo ambaye dume hubeba mayai kinywani mwake, na muda huo wote hali chakula. Kwa uzuri wake aliwindwa kupita kiasi, na mwaka 2007 akaandikwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari ya kutoweka duniani. Hatudhani kwamba yule mtu wa Ulaya aliyemnunua dukani alijua hayo. Lakini hakuuliza pia, na kutouliza kwaweza kuwa kosa, hasa pale jibu linapopatikana bila shida.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kuhukumu. Sisi watu wa Afrika ya Mashariki tuna matumbawe katika kuta zetu: majumba ya kale ya Kilwa na Lamu yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana nayo. Na baruti iliyotupwa baharini na wavuvi katika sehemu za pwani ya Tanzania imevunja miamba mingi kwa ajili ya kitoweo cha siku moja. Mtu aweza kujibu kwamba chakula na makao ni haja, bali sanduku la kioo ni anasa. Jibu hilo lina ukweli, ila si ukweli wote. Moyo wa mtu wahitaji kutazama kitu kizuri kisicho kazi ya mikono yake. Na mtoto wa Chicago au wa Munich, aliye mbali kabisa na bahari yenye joto, huenda asijue kamwe kwamba jiwe laweza kuwa mnyama asipoliona limefungua vinywa vyake usiku sebuleni kwao.

Liko pia jambo la fedha. Katekisimu ya Kanisa iliyotolewa mwaka 1992 yafundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba wanyama wastahili kutendewa kwa wema wala wasiteswe bure, na kwamba haifai kutumia kwa ajili yao mali iliyopasa kwanza kupunguza taabu ya watu. Wengi hulipenda fundisho la kwanza na kulisahau la pili, au kinyume chake. Taa, pampu, umeme na chumvi ni gharama isiyokwisha. Mzazi ambaye hulipa gharama hiyo huku mama yake mzee akikosa dawa, hatuoni uzuri wa mwamba wake.

Kwa upande mwingine, maarifa yaliyopatikana vyumbani yamekuja kuifaa bahari yenyewe. Yule samaki mdogo wa rangi ya machungwa mwenye mistari myeupe, aishiye ndani ya anemoni, siku hizi huzalishwa kwa wingi akiwa kifungoni, hata mnunuzi hana haja ya yule aliyevuliwa. Samaki wa manjano wa Hawaii alifuata mwaka 2015, baada ya wataalamu kujaribu kwa miaka mingi. Matumbawe hukatwa vipande, na kila kipande hukua kikawa mwamba wake. Na ugonjwa mkubwa wa matumbawe ulipoonekana Florida mwaka 2014 na kuenea, wataalamu waliyatoa baharini matumbawe mengi yaliyo mazima bado, wakayapeleka katika matangi ya majimbo mengi ya Marekani, mengine mbali kabisa na bahari, yangojee huko siku ya kurudishwa. Safina ya Nuhu haikujengwa na watu wasiojua seremala.

Twafika basi katika jambo lituhangaishalo zaidi, yaani kuhama. Mtu ahamaye huhesabu vitanda na sufuria zake. Lakini mwenye sanduku la lita 400 ana maji yenye uzito wa kilo 400 na zaidi, na mawe, na mchanga, na kioo, na ndani yake nafsi hai zisizoweza kukaa nje hata kwa muda wa kunywa chai. Akifanya vema, huchanganya maji mapya siku kadhaa mbele. Hatawalisha samaki siku ya mwisho, ili wasiyachafue maji ya safari. Kila tumbawe hutengwa katika ndoo au mfuko wake, yasije yakachomana. Mawe hutolewa kwanza, samaki mwishoni, kwa kuwa samaki hawashikiki mawe yakiwa bado mahali pake. Mchanga wa zamani umeficha uchafu wa miaka. Ukitibuliwa hutoa sumu, basi heri uoshwe sana au uachwe. Pampu ndogo ya betri huwapa hewa njiani, na blanketi hulinda joto. Huko waendako, sakafu iwe imara na kiwango chake sawa; kisha maji yapimwe siku kwa siku, maana vijidudu tulivyovitaja huenda vimepungua, na amonia huweza kupanda wakati mwenye nyumba amechoka na masanduku mengine yote hayajafunguliwa.

Twaona hapa ndipo mtu ajulikanapo. Siku alipoununua mwamba wake hakuahidi neno lolote kwa mdomo. Lakini alikitoa kiumbe mahali kilipojitegemea, akakiweka mahali ambapo kisipoletewa joto, mwendo na nuru hufa. Tendo hilo lenyewe ni ahadi. Wako waliochoka nayo siku ya kuhama, wakasema: Nitawarudisha baharini, wawe huru. Maneno hayo yasikika kuwa ya huruma. Tazameni matunda yake. Mwaka 1985 samaki mmoja mwenye miiba ya sumu, mwenyeji wa bahari za Hindi na Pasifiki, alionekana Florida, ambako hakuwa na kwao; wataalamu wengi waamini kwamba jamii yake ilitoka katika masanduku ya watu. Tangu hapo ameenea bahari ya Karibi yote akila samaki wachanga wa miamba ile. Mwaka 1984 mwani mmoja wa matangi ulionekana baharini mbele ya makumbusho ya bahari ya Monaco, ukaenea kando ya Mediterania na kufunika makao ya viumbe wengine. Basi kurudisha si kutengua. Kiumbe aliyehamishwa mara moja hawezi kurudishwa mahali popote penye maji tu, na deni la mmoja halilipwi kwa kuwatwika wengine.

Wala hatusemi kwamba yapasa kuwabeba popote kwa gharama yoyote. Safari ya saa chache yaweza kuvumiliwa. Lakini avukaye mipaka ya nchi akumbuke kwamba matumbawe ya mawe yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, na hayavuki bila hati. Tena safari ndefu huwaua wengi kwa ajili ya kuridhisha kung'ang'ania kwa mmoja. Mtu huyo na awakabidhi kwa mwingine ajuaye kazi. Wako wanaoona haya kufanya hivyo, kana kwamba wamemtupa mtoto. Sisi twaona kwamba deni ni kwa uhai wa kiumbe, si kwa umilikaji wake, na kumtafutia mlezi mwaminifu ni kulilipa.

Sir John Dalyell wa Scotland aliokota anemoni mmoja huko North Berwick mwaka 1828, akamweka nyumbani Edinburgh katika chombo cha kioo, akawa akimbadilishia maji ya bahari. Dalyell alifariki mwaka 1851. Anemoni akapokewa na mtaalamu mwingine, na baada ya huyo na mwingine tena, wakimwita Bibi kwa uzee wake. Alikuwa amezaa mamia ya watoto. Alikufa mwaka 1887, miaka 36 baada ya mtu yule aliyemtoa jiweni.