Kiwele Kilichojaa na Mashine Kuukuu

MIONGONI mwa maswali ninayoletewa na wanafunzi wangu wa darsa, ambao wengi ni mafundi wa kanzu na mabuibui, ni hili: Anayeuza mashine ya kudarizi iliyotumika, je, analazimika kueleza ubovu wake, au yatosha kusema, "Iangalie mwenyewe, nauza kama ilivyo"?

Kwanza tutenganishe. Rangi iliyobanduka au meza iliyokwaruzika si aibu. Anayenunua kikuukuu ameukubali ukuukuu wake. Aibu, kwa mafaqihi, ni kasoro inayoshusha thamani kwa desturi ya wafanyabiashara wenyewe. Chuma kinachobeba sindano kikiwa kinachezacheza, au ncha inayonasa uzi kule chini ikiwa imelika, hiyo ni aibu. Uzi utakatika na ua halitakaa mahali pake.

Sasa wapo wanaoshindilia grisi nzito ili mlio usisikike, na wanaorudisha nyuma hesabu ya mishono katika mashine za kompyuta. Mtume (s.a.w.) alikataza mnyama kuachwa bila kukamuliwa ili kiwele kijae na mnunuzi ahadaike. Muuzaji yule hakutamka uongo hata neno moja. Kiwele ndicho kilichomsemea. Grisi na hesabu iliyorudishwa nyuma husema vivyo hivyo.

Je, neno "kama ilivyo" linamwokoa? Maimamu wamekhitalifiana. Abu Hanifa amelikubali sharti la muuzaji kujivua na aibu. Katika madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata wengi wetu Pwani, kauli yenye nguvu ni kuwa sharti hilo halimvui ila na aibu ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua. Mashine si mnyama, na aliyeiendesha miaka mitano anaijua. Wala hakuna imamu aliyehalalisha kupaka grisi ili kuficha.

Atasema: "Nikieleza, nitapata hasara." Ndugu yangu, hasara hiyo ni yako tangu zamani. Mashine imelika ikikuingizia wewe riziki. Ukificha, unamlipisha mwingine gharama ya faida uliyokwisha kuila, na huenda mashine hiyo ndiyo mtaji wake wote.

Mnunuzi naye asijione mtakatifu. Aijaribu kwa mwendo wa kasi, adarizi herufi ndogo, asikilize. Akigundua aibu airudishe mara moja, kwani kwa Shafii khiyari hiyo haingoji. Anayemaliza kwanza oda za Idd ndipo airudishe, haki imemponyoka. Na anayeiponda mashine nzima ili bei ishuke, akumbuke kuwa Qur'an (7:85) imekataza kuwapunja watu vitu vyao.

Kwa hiyo jibu langu kwa mafundi ni moja: mwonyeshe mnunuzi pale ambapo wewe, ungekuwa mnunuzi, ungetaka kuonyeshwa. Kisha pataneni bei.