Aondoaye Kinga

Katika miji yetu ya Butembo na Beni pikipiki ni mkate wa watu wengi. Yachukua abiria, yachukua makaa, viazi, mbao na magunia ya kakao. Wala haibaki kama ilivyotoka kiwandani. Fundi huongeza chuma nyuma ili ibebe zaidi, huimarisha springi, hubadili taa na honi. Watu wanaojua kuunda chukudu kwa mbao hawashindwi na chuma. Ustadi huo ni sifa. Lakini mabadiliko yote si sawa, na leo nataka tutazame moja lililo dogo sana: kuondoa swichi ya stendi.

Stendi ni ule mguu wa ubavuni, upande wa kushoto, unaoegemewa na pikipiki inaposimama. Katika pikipiki nyingine kuna swichi karibu na mguu huo. Ukisahau kuukunja, ukatia gia na kuachia klachi, injini yazimika. Sababu yaeleweka: stendi ikibaki chini, penye kona ya kushoto pikipiki hulala, mguu hugonga ardhi na kuinua gurudumu la nyuma, na dereva hutupwa. Kwa ajili hiyo mwaka 1993 Jumuiya ya Ulaya iliweka sheria kwamba stendi ya ubavuni ijikunje yenyewe, au sivyo pikipiki isiweze kwenda kwa nguvu ya injini.

Huku kwetu matope ya mvua huingia katika swichi hiyo, na injini huzimika njiani ingawa stendi imekunjwa. Na tangu mwaka 2014, mauaji ya raia yalipozidi katika eneo la Beni, nani apenda kusimama jioni penye barabara tupu? Basi dereva huenda kwa fundi, naye fundi huondoa swichi na kuunga nyaya mbili. Je, wametenda dhambi?

Mimi nasema, hapana. Mtu aliyeona hatari mbili akaikimbia iliyo kubwa hastahili kulaumiwa. Lakini neno haliishi hapo.

Siku moja niliazima pikipiki ya rafiki yangu niende kigangoni, nami nikampakia mama mmoja mzee. Pikipiki yangu mwenyewe ilikuwa na swichi yake, nami nilizoea kuonywa nayo. Ile ya rafiki nyaya zilikuwa zimeungwa, naye hakuniambia. Niliondoka stendi ikiwa chini. Kona ya kwanza ya kushoto ilituangusha. Mimi nilichubuka tu. Mama yule alivunjika mkono, na msimu ule hakulima.

Kosa ni la nani? Fundi alifanya alichoombwa. Rafiki yangu alisema, "Ndugu katekista, pikipiki ni mali yangu, na mimi sisahau stendi." Alisema kweli: hasahau, maana ajua kwamba hakuna cha kumkumbusha. Mimi sikujua. Hata hivyo nina sehemu yangu, kwani sikutazama chini kabla ya kuondoka. Lakini mama yule hakuunga waya, hakuazimisha, hakuendesha. Naye ndiye aliyelipa.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kuna sheria juu ya mtu achimbaye shimo asilifunike, ng'ombe au punda wa mwenziwe akatumbukia: mwenye shimo atalipa. Tazameni, kuchimba hakukukatazwa. Kosa ni kuliacha wazi.

Ndivyo ilivyo kwa waya. Aondoaye kinga amejitwika kazi ya kinga ile. Swichi ilimwonya kila dereva, mwenyeji na mgeni. Sasa yeye aonye badala yake. Amwambie anayeazima. Amwambie anayenunua, hata kama bei itashuka. Fundi naye amkumbushe mwenye pikipiki, tena amshauri kutia swichi nyingine mara awezapo. Mali ni yako, lakini mkono utakaovunjika huenda si wako.

Siku hizi, kabla ya kuwasha pikipiki ya mtu, nauliza: "Umeondoa nini humu?" Wengine hucheka. Rafiki yangu hacheki, huinama akanionyesha. Nanyi, ndugu zangu, ulizeni vivyo hivyo, na mkiulizwa, semeni kweli.